Padri Stefano Kaoze

Watoto wapenzi, wengine kati yenu wanajua siku ya kuzaliwa kwao. Imeandikwa katika kitabu. Wengine hawaijui, kwa maana mama zao waliwazaa wakiwa njiani, wakikimbia vita. Wasione haya. Padri wa kwanza wa Kongo Belji naye hakujua siku yake.

Kaoze alizaliwa karibu na mwaka 1886 katika milima ya Marungu, kusini ya Kalemie. Watu wake walikuwa Watabwa. Siku zile nchi ilikuwa na hofu kubwa. Wafanya biashara ya watumwa walipita vijijini, wakakamata watu na kuwavusha ziwa. Mama aliyezaa mtoto hakuwa na hakika ya kumwona akikua.

Tangu mwaka 1885 Wapadri Weupe walikuwa wamekaa Mpala, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kaoze alifundishwa dini, akabatizwa, akaitwa Stefano, jina la shahidi wa kwanza. Mwaka 1899 Monsinyori Victor Roelens alifungua seminari ndogo pale Mpala, na Stefano akawa mmoja wa wanafunzi wake.

Masomo yalikuwa marefu na magumu: Kilatini, Kifaransa, filosofia, teolojia. Tena maneno ya watu yalimwandama. Wazungu wengine walidhani mtu mweusi hataweza kufika mwisho wa njia ile, wala kushika ahadi ya kutooa. Kwa wazee wa kijiji, ahadi hiyo ilikuwa jambo zito. Katika desturi yao, mtu huendelea kuishi kwa watoto wake. Asiyezaa, jina lake huzimika kama moto usio na kuni. Stefano hakuwa mgeni wa desturi hiyo. Alijua vema ni kitu gani anachomtolea Mungu.

Akazidi kusoma na kusali. Mwaka 1910, akiwa angali seminarini, maandiko yake ya Kifaransa juu ya mawazo na moyo wa Wabantu yalianza kupigwa chapa. Alipenda watu wajue kwamba wazee wake walikuwa na akili na hekima.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, Monsinyori Roelens alimpa upadre. Miaka 18 ilikuwa imepita tangu seminari ya Mpala ifunguliwe.

Siku ile aliahidi mara moja. Ilimpasa kuishika ahadi hiyo miaka 34. Mwaka 1920 alifuatana na Monsinyori hadi Ulaya, akaona miji mikubwa, kisha akarudi kwa watu wake. Alifundisha vijana, akaungamisha, akazika, akaandika habari za kale za ukoo wake. Baada ya vita kuu ya pili aliitwa kuwa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kuketi katika baraza la serikali ya koloni. Alifariki mwaka 1951 katika mji wetu huu, ulioitwa Albertville wakati ule.

Hakuacha mtoto wa damu. Lakini mapadri wengi Wakongo wamefuata njia aliyoifungua, na jina lake halikuzimika.

Hakuna mtu anayejichagulia siku wala mahali pa kuzaliwa. Hayo tunapewa na Mungu. Ahadi twaitoa wenyewe, na kila asubuhi twaanza tena kuishika. Katika ubatizo tuliahidi kumkataa shetani na kumfuata Kristu. Basi, mtoto aliyeahidi kumtekea bibi maji, ateke hata kama wenzake wanacheza. Aliyeazima kitabu akirudishe. Anayeshika ahadi ndogo leo, anajizoeza kushika ile kubwa.

Maulizo
1. Kwa nini ahadi ya Stefano ilikuwa jambo zito kwa wazee wake?
2. Alifanya kazi gani baada ya kupewa upadre?
3. Wewe umeahidi nini juma hili? Je, umetimiza?