Karel Styblo: daktari aliyetufundisha kumaliza dozi ya kifua kikuu



Ninapopita nyumba kwa nyumba huku Singida, kuna swali nimelizoea. Mtoto ameanza dawa za kifua kikuu. Baada ya mwezi mmoja au miwili kikohozi kimekwisha, anakula vizuri na anacheza na wenzake. Ndipo mama ananiuliza kama kuna haja ya kuendelea na vidonge. Wakati wa kuvuna alizeti, shamba likiwa mbali na zahanati, ni rahisi sana dozi kukatika.

Leo nitakujibu kwa kukusimulia maisha ya Dkt. Karel Styblo. Huenda jina hili ni geni kwako, lakini wanaoshughulika na kifua kikuu duniani kote wanalijua. Utaratibu wa mtoto wako kumeza dawa mbele ya mtu ulijengwa kwa sehemu kubwa na yeye, na aliujengea hapa hapa Tanzania.

Mgonjwa aliyekuja kuwa daktari

Styblo alizaliwa mwaka 1921 katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimkuta kijana, akafungwa na utawala wa Hitler katika kambi ya mateso ya Mauthausen, nchini Austria. Wafungwa walirundikwa pamoja na kufanyishwa kazi nzito wakiwa na njaa. Humo akaugua kifua kikuu. Ugonjwa huu hupenda msongamano, hewa nzito na mwili uliodhoofika. Ndiyo maana hata kwetu huwaandama wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanaovuta vumbi la mawe kila siku.

Alinusurika. Baada ya vita akasomea udaktari, akachagua kupambana na ugonjwa ule ule. Baadaye alihamia Uholanzi na kufanya utafiti wake huko. Ni yeye aliyekadiria kwamba mtu mmoja mwenye kifua kikuu cha mapafu kinachoambukiza, asipotibiwa, huweza kuambukiza watu wapatao 10 kwa mwaka. Fikiria nyumba ambayo babu anakohoa na wajukuu wanalala chumba kimoja naye.

Kwa nini dawa moja haitoshi

Dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu, streptomaisini, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Ilipojaribiwa Uingereza, wagonjwa walipata nafuu haraka. Lakini baada ya miezi michache, vimelea vya wengi wao vikawa sugu na dawa haikuviua tena.

Sababu ni hii. Kila dawa ina mahali pake inapopiga ndani ya kimelea. Isoniazidi huzuia kimelea kujenga ukuta wake. Rifampisini huzuia kisisome maelekezo ya kutengeneza mahitaji yake. Streptomaisini huharibu utengenezaji wa protini. Katika mamilioni ya vimelea, wachache huzaliwa na badiliko dogo mahali pale pale dawa inapopiga. Hao husalia, kisha huzaana. Ukitumia dawa kadhaa kwa pamoja, kimelea kinachokwepa moja huuawa na nyingine.

Ukiacha dawa njiani, vimelea vilivyobaki hupata nafasi ya kuongezeka tena. Ukimpa mtoto dawa kwa kurukaruka, unavipa vile sugu nafasi ya kutawala.

Kazi yake Tanzania

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu ambao Styblo aliufanyia kazi. Mwanzoni matibabu yalichukua miezi 12, na wagonjwa wengi waliacha njiani. Styblo hakuwalaumu wagonjwa. Aliona kwamba ni utaratibu ndio uliopaswa kubadilika.

Matibabu yakafupishwa hadi miezi 8 kwa kuongeza rifampisini. Dawa hiyo ilikuwa ghali na ya thamani, hivyo katika miezi 2 ya kwanza mgonjwa aliimeza kila siku mbele ya mhudumu. Kila wilaya ikawa na mratibu wake na rejesta ya wagonjwa, ili ijulikane nani amepona na nani ametoweka. Waliopona wakakaribia 8 katika kila 10. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huu na kuusambaza katika nchi nyingine.

Mahali papya pa kupiga

Styblo alifariki mwaka 1998. Hadi wakati huo hakukuwa na dawa ya aina mpya kabisa tangu rifampisini ya miaka ya 1960. Mwaka 2012 ndipo bedakwilini ilipoidhinishwa Marekani. Yenyewe hupiga mahali ambapo hakuna dawa ya awali iliyowahi kupiga: mtambo unaokipa kimelea nguvu. Kwa hiyo huviua hata vimelea vilivyozoea dawa za zamani.

Hapa nchini, tiba ya kifua kikuu sugu ilianza mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro. Wakati ule wagonjwa walichomwa sindano kwa miezi mingi, na sindano hizo ziliweza kuwaondolea usikivu. Dawa mpya zimepunguza mateso hayo. Lakini ona muda uliopita: zaidi ya miaka 40 kupata mahali pamoja papya pa kupiga. Tukiizoesha vimelea dawa hii pia, hatujui tutasubiri miaka mingapi tena.

Unachoweza kufanya nyumbani

- Mpe mtoto dawa kila siku, saa ile ile, hadi mtoa huduma atakapokuambia muda umetimia. Mtazame akimeza.
- Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, ni rifampisini. Lakini macho yakiwa ya njano, au akitapika mfululizo, nenda kituoni siku hiyo hiyo.
- Ukisafiri au kuhamia shambani, mwambie muuguzi mapema. Atakupangia dawa.
- Mtu mzima nyumbani akigundulika na kifua kikuu, wapeleke watoto wote wakachunguzwe. Walio chini ya miaka 5 na wasio wagonjwa hupewa dawa ya kuwakinga.
- Mtoto anayekohoa wiki mbili, mwenye homa za mara kwa mara au asiyeongezeka uzito, mpeleke apimwe. Usimnunulie dawa dukani kwa kubahatisha.

Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Kwa hiyo, mama, mtoto akianza kucheza tena, shukuru, kisha mpe kidonge cha leo.