Bi. Rokeya na elimu ya binti wa Kiislamu

Wapo Waislamu wanaodhani kuwa kudai elimu ya mwanamke ni fikra za Wazungu. Mwenye dhana hiyo na ayatazame maisha ya Bi. Rokeya Sakhawat Hossain.

Alizaliwa mwaka 1880 kijijini Pairaband, Rangpur, ambayo leo ni Bangladesh. Kaka zake walipelekwa shule Calcutta, yeye na dada zake wakabaki ndani. Kusoma Kibengali na Kiingereza kwao kulikuwa mwiko. Kaka yake, Ibrahim Saber, ndiye aliyemfundisha kwa siri, usiku, watu wakishalala.

Mumewe, Syed Sakhawat Hossain, alimhimiza aandike. Mwaka 1905 Bi. Rokeya alichapisha hadithi ya Ndoto ya Sultana. Humo wanaume ndio wanaotawishwa, na wanawake wanaendesha nchi, wanapika kwa nguvu za jua na kumshinda adui kwa elimu. Aliwaonjesha wanaume yale waliyowalisha wake zao. Katika riwaya yake ya Padmarag (1924), Siddika anakataa kurudi kwa mumewe.

Lakini Bi. Rokeya hakuishia kwenye hadithi. Mumewe alipofariki mwaka 1909, alimwachia rupia 10,000 za kuanzisha shule. Alianza Bhagalpur na wasichana watano. Ugomvi wa kifamilia ukamhamisha, na mwaka 1911 akaanza upya Calcutta na wanane. Alipita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wazazi.

Ili wazazi waridhike, gari la shule lilizibwa kila upande. Watoto wakazimia kwa joto. Alipoweka mapazia ili hewa ipite, zikaja barua za lawama kuwa upepo unayapeperusha. Watoto kuzimia hakukuwa hoja, pazia kupepea ndio ikawa hoja!

Yeye mwenyewe alijistiri. Alichopinga si stara, bali kumfungia mwanamke katika ujinga kwa jina la dini, ilhali Uislamu umeifanya elimu kuwa faradhi. Mwaka 1916 aliasisi jumuiya ya akina mama wa Kiislamu kusaidia wajane na mafukara.

Alifariki Desemba 9, 1932, na Bangladesh humkumbuka kila mwaka tarehe hiyo.

Ndugu msomaji, tujiulize: tunapomzuia binti kusoma, tunailinda dini au tunalinda mazoea yetu? Mwenyezi Mungu amrehemu Bi. Rokeya, nasi atupe ujasiri wa kutofautisha mawili hayo. Amin.