Edsger Dijkstra: mutu aliyefundisha programu kungojana

Telefone yako inaweza kupiga muziki, kupokea mesaje na kupakua picha kwa wakati mumoja. Programu moja ikikwama, unaifunga, zingine zinaendelea. Zamani haikuwa vile. Kati ya wale waliofungua hiyo njia, Edsger Dijkstra wa Uholanzi iko na fungu kubwa.

Alizaliwa Rotterdam tarehe 11/5/1930. Mu 1952 alianza kuandika programu kule Mathematisch Centrum, Amsterdam. Kazi hiyo ilikuwa haijulikani bado: alipomuoa Ria Debets mu 1957, watu wa serikali ya muji walikataa kuiandika kwenye karatasi ya ndoa, basi akaandikwa mutaalamu wa fizike!

Shida iliyomushika ilianza na ordinatere inayoitwa X1. Mbele yake, ordinatere ikituma kazi ku mashini ya kuchapa, ilibaki inangoja bure mpaka ile imalize. X1 haikungoja. Iliendelea na kazi ingine, na mashini ya kuchapa ikimaliza, inaikatiza. Muzuri, lakini Dijkstra aliogopa, na alikuwa na sababu. Kule kukatizwa kunakuja saa yoyote. Kosa linatokea leo, kesho unalitafuta, halionekani tena. Utatengeneza namna gani kosa lisilorudi? Tezi yake ya dokta ya 1959 ilitokana na hiyo kazi.

Mu 1962 akaenda kuwa profesa Eindhoven. Pale, pamoja na watu sita hivi wasiokuwa na siku nzima ya kuifanya, alijenga sistemu ya THE, jina lililotoka mu herufi za iniversite yao, juu ya mashini X8. Kila programu iliendeshwa peke yake, kama vile iko na mashini yake yenyewe. Saa ilikuwa inakatiza kila mara, ili hata moja isishike mashini na kunyima zingine. Na programu haikuruhusiwa kutegemea mwendo wa mwenzake: hata ingine ichelewe ao ikimbie, kazi ibaki sawa. Zilikutana tu mahali palipojulikana, palipolindwa na semafori. Hiyo ni hesabu ndogo inayosema: pita, ao lala mpaka uamshwe. Jina alilitosha ku alama za njia ya treni.

Lakini kungojana pia kunaweza kuua. Dijkstra alieleza hiyo kwa mufano wa wafilozofi watano ku meza ya muviringo, na forshete tano katikati yao. Kila mumoja anahitaji mbili ili ale. (Sisi wa bukari na mukono tutacheka.) Wote wakikamata ya kushoto mara moja, kila mumoja anangoja ya kuume, na hakuna atakayekula hata kidogo. Programu nazo zinafungana vile vile, bila hata moja kuwa na kosa.

Andiko la THE lilitoka mu 1968, na mu 1972 akapewa zawadi ya Turing. Tangu 1984 alifundisha Austin, Texas. Kansa ilimuua Nuenen, tarehe 6/8/2002, akiwa na miaka 72.

Mafikiri yake aliyaandika kwa mukono, na kalamu ya wino, akiweka namba ku kila andiko na kutuma fotokopi kwa wenzake, nao wakapiga fotokopi zingine. Ya mwisho, namba 1318, ni ya mwezi wa ine 2002.