Kivoi wa Kitui: Mlinzi wa misafara kabla ya enzi za polisi

KATIKA Ukambani ya nusu ya kwanza ya karne ya 19 hapakuwa na kituo cha polisi, hapakuwa na askari mwenye sare, wala hapakuwa na hakimu aliyelipwa mshahara. Msafiri aliyetoka Kitui kuelekea Mombasa alitegemea mambo matatu: wingi wa wenzake, ukali wa mishale yake, na jina la kiongozi aliyetangulia mbele ya msafara. Miongoni mwa majina hayo, lililovuma zaidi lilikuwa la Kivoi wa Mwendwa.

Wengi humkumbuka Kivoi kwa jambo moja tu, kwamba ndiye aliyemweleza mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf habari za Mlima Kenya. Hata hivyo, maisha yake na hasa kifo chake vina mafunzo makubwa zaidi kwa wakazi wa Zombe, Mutito na maeneo mengine ya mashariki ya Kaunti ya Kitui. Huko mizozo ya maji na malisho baina ya wakulima na wafugaji wa ngamia imezuka mara kwa mara kwa miaka mingi, na swali la nani amlinde nani halijapata kuzeeka.

Katika mabaraza ya siku hizi wananchi huambiwa kwamba usalama ni jukumu la raia na polisi kwa pamoja. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 244, inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi ikuze uhusiano mwema na jamii. Sheria ya huduma hiyo ya mwaka 2011 ikaweka nafasi ya kamati za polisi jamii, na mwaka 2013 serikali ikaanzisha mpango wa Nyumba Kumi, ambao wazo lake linafanana na lile la mabalozi wa nyumba kumi waliokuwepo Tanzania tangu miaka ya 1960. Mipango hii huelezwa kana kwamba ni mipya. Maisha ya Kivoi yanaonyesha kuwa kiini chake ni cha kale sana.

Mamlaka bila cheo

Wageni walioandika habari za Kivoi walizoea kumwita chifu. Cheo hicho kilikuja baadaye, pamoja na serikali ya kikoloni. Wakamba wa enzi zake hawakuwa na mfalme wala mtawala mmoja wa nchi nzima. Kila utui, yaani kitongoji cha jamaa na majirani, ulijiendeshea mambo yake, na kesi nzito ziliamuliwa na nzama, baraza la wazee.

Jamii iliyochoshwa na mhalifu sugu ilikuwa na adhabu ya king'ole, ambapo watu wengi walishiriki kumuua mkosaji kwa pamoja. Adhabu hiyo haikutolewa kwa hasira za usiku mmoja. Wazee walikutana, wakapima makosa ya mtu huyo, na jamaa zake wa karibu walitakiwa kuridhia, ili damu yake isije ikadaiwa fidia. Ilikuwa adhabu ya kutisha, lakini ilifungwa kwa masharti.

Katika mazingira kama hayo, mtu hakupata sauti kwa kurithi kiti. Aliipata kwa mali, kwa ufasaha wa kusema mbele ya wazee, kwa ukarimu, na kwa uwezo wa kuwalinda waliomfuata. Kivoi alikuwa na vyote hivyo. Wafuasi walimkusanyikia kwa kuwa kwake walipata chakula na biashara, na zaidi ya hayo walipata kinga.

Yapasa kusema pia kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Mali yake ilitokana na pembe za ndovu, na katika kumbukumbu za Krapf watumwa wanatajwa miongoni mwa watu wa nyumba yake. Ulinzi aliotoa ulikuwa kwa walio wake na kwa walioungana naye. Haukuwa haki ya kila mpita njia. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya mlinzi wa msafara na askari wa umma.

Njia ya pembe na hatari zake

Ukame na njaa ya miaka ya 1830 viliwasukuma baadhi ya Wakamba hadi nyuma ya pwani, wakapiga kambi jirani na Warabai na Waduruma. Makao hayo yakawa vituo vya ndugu zao waliotoka bara. Mwaka 1837 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar aliitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui, na biashara ya pembe ikazidi kushamiri. Misafara ya Wakamba, mingine ikiwa na mamia ya watu, iliteremka pwani ikiwa na pembe na kupanda tena ikiwa na nguo, shanga, nyaya za shaba na chumvi.

Njia yenyewe haikuwa ya mchezo. Msafara ulipita nyika ya Taru isiyokuwa na maji, ukapita Maungu, ukavuka mto Tsavo na mto Athi, kisha ukapanda uwanda wa Yatta kabla ya kufika Kitui. Kiu iliua, simba waliua, na binadamu waliua zaidi. Wasafiri waliwahofu Wamaasai upande mmoja na Waoromo upande mwingine, na katikati walikuwapo wanyang'anyi wasio na kabila maalumu ila tamaa.

Kiongozi wa msafara kwa hiyo alifanya kazi ambazo leo zimegawanywa kwa idara kadhaa. Alitafuta habari za njia kabla ya safari, akawauliza waliotoka huko karibuni, akawasikiliza waganga waliosoma dalili za ndege, akapanga zamu za usiku, akazima magomvi kambini, na akafanya urafiki na wenyeji wa kila kisima. Urafiki huo ndio uliokuwa ngao ya kwanza. Mshale wenye sumu ulikuwa ngao ya pili. Msafara uliopigana katika kila kijiji haungefika pwani.

Mgeni kutoka Rabai

Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na baada ya kufiwa na mkewe na mtoto wake mwaka huo huo, alianzisha kituo cha misheni Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann. Mwaka 1848 Rebmann aliuona Kilimanjaro. Krapf naye alitaka kwenda Ukambani, akaondoka Rabai Novemba 1849, na kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa amefika kijijini kwa Kivoi.

Kivoi alimpokea kwa heshima. Alimsimulia kuwa amewahi kufika Uchagga, na kwamba mbali na ule mlima mweupe wa huko, upo mwingine mkubwa kaskazini ambao kileleni mwake pana kitu cheupe. Jina alilolitaja kwa Kikamba, Kiinyaa, Krapf aliliandika kwa namna alivyolisikia. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalipofunguka, Krapf aliuona mlima huo kwa macho yake.

Huko Ulaya baadhi ya wataalamu wa jiografia waliokaa vitini mwao walikataa kuamini kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. William Desborough Cooley wa London alikuwa mstari wa mbele kuwapinga wamishenari hao. Ilibidi zipite zaidi ya miaka 30 kabla ya msafiri Joseph Thomson kuuona mlima huo mwaka 1883. Maneno ya mfanyabiashara wa Kitui yalikuwa sahihi kuliko vitabu vya London.

Mauti karibu na mto Tana

Krapf alirejea mwaka 1851. Alitarajia kuanzisha kituo cha misheni Yatta, lakini mpango huo ulivunjika. Njiani alikuwa ameshambuliwa na wanyang'anyi, na wasaidizi wake hawakuwa tayari kukaa naye nyikani. Akaamua kwenda kwa Kivoi, ambaye alikuwa akijiandaa kuelekea mto Tana kwa shughuli zake za pembe. Krapf alitaka kuujua mto huo. Kivoi akakubali kumchukua, na kwa mila za wakati ule, kumchukua mgeni kulikuwa na maana ya kumdhamini.

Mnamo Agosti 1851, wakiwa hawako mbali na mto, kundi kubwa la wanyang'anyi liliwavamia. Msafara wa Kivoi ulikuwa mdogo kuliko misafara iliyomjengea jina. Krapf alifyatua bunduki yake hewani, maana hakutaka kumwaga damu ya mtu. Wengi wa wafuasi wa Kivoi walitawanyika porini. Kivoi mwenyewe hakuondoka, naye akauawa hapo pamoja na waliobaki karibu yake.

Hivyo ndivyo alivyokufa mtu aliyewalinda wengi. Hakufia vitani, wala hakufa kwa njaa. Alikufa siku ambayo idadi ya watu wake, habari za njia na urafiki wa wenyeji, yale mambo yaliyomlinda maisha yake yote, vilimpungukia kwa pamoja.

Krapf alibaki peke yake nyikani. Kwa kiu iliyomshika alinyemelea hadi mtoni, akanywa, kisha kwa kukosa chombo akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Alitembea usiku na kujificha mchana, hadi alipokutana na baadhi ya walionusurika na kurudi nao Kitui.

Hukumu bila uchunguzi

Kilichofuata ndicho sehemu ya kisa hiki ambayo husahauliwa mno. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuwa amerudi na mwenyeji hakurudi. Jamaa za Kivoi hawakuweza kulikubali jambo hilo. Walimhesabu Krapf kuwa mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida, na wakahoji iweje mtu wa namna hiyo ashindwe kumwokoa rafiki yake. Lawama zikageuka kuwa vitisho, naye akaona maisha yake yamo hatarini. Usiku mmoja akatoroka, akashika njia ya Yatta, na hatimaye akafika Rabai akiwa amedhoofika.

Msiba mkubwa hutafuta mtu wa kubebeshwa, na aliye karibu na asiye na ndugu ndiye hubebeshwa kwanza. Wauaji wa kweli walikuwa mbali, karibu na Tana. Mgeni alikuwa mkononi. Jamii iliyokuwa na nzama ya kupima ushahidi, na iliyojua kuweka masharti hata juu ya king'ole, ilikuwa karibu kumhukumu mtu kwa uchungu peke yake. Aliyezoea kutuliza magomvi ya aina hiyo ndiye aliyekuwa amelala chini.

Hapo ndipo kisa cha mwaka 1851 kinapokutana na baraza la Zombe. Mifugo inapoibwa au mkulima anapouawa mpakani, taarifa ya kwanza huwa uvumi, na mshukiwa wa kwanza huwa yule anayezungumza lugha nyingine. Kazi ya polisi jamii, ikifanywa inavyopaswa, ni kuziba pengo hilo kati ya msiba na hukumu. Mzee wa mtaa ajulikane na afisa wa kituo, afisa naye ajulikane na wananchi, na mfugaji wa upande wa pili awe na mtu wa kumpigia simu kabla ya kushika silaha. Kazi hiyo haiwezi kuanza siku ya maziko. Kivoi alifahamiana na watu wa kila kisima kabla hajahitaji maji yao.

Lakini kumtegemea mtu mmoja kulikuwa na udhaifu wake, nao ulidhihirika mara alipoanguka. Wafuasi walitawanyika na mgeni wake akakosa mdhamini. Katika miaka iliyofuata nguvu za Wakamba katika biashara ya masafa marefu zilipungua, na misafara ya Waswahili na Waarabu ikaanza kupenya bara yenyewe badala ya kuwasubiri pwani. Kivoi hakuwa chanzo pekee cha mabadiliko hayo, lakini pengo lake lilionekana. Usalama unaokaa katika jina la mtu hufa na mtu huyo. Kwa sababu hiyo kamati za usalama zinapaswa kuwa na wajumbe wanaobadilishana, kumbukumbu zilizoandikwa, na ofisi ambayo haifungwi afisa mmoja anapohamishwa.

Mwaka 1920 koloni la Waingereza lilipewa jina la ule mlima, na jeshi lake la polisi likaanza kuitwa Polisi wa Kenya. Jina hilo, ambalo hadi leo afisa wa Zombe hulivaa kwenye sare yake, lilifika katika maandishi ya Krapf kutokana na masimulizi ya Kivoi.