Fannie Farmer, Mwalimu wa Kikombe

Kwetu Kawe unga unanunuliwa kwa kilo, nusu au robo, lakini mapishi ya keki tunayotumiana kwenye simu yameandikwa kwa vikombe. Kikombe kipi sasa? Cha chai, au kile cha plastiki cha kuchotea maji? Wazee wa pwani angalau walikuwa na kibaba, na vibaba vinne ni pishi moja. Swali hilo ndilo lililonifikisha kwa mwanamke mmoja wa Marekani ambaye naona sisi wa ualimu tungemjua mapema.

Fannie Merritt Farmer alizaliwa Boston tarehe 23 Machi 1857, binti wa mchapaji. Wazazi walitaka asome mpaka chuo. Akiwa na miaka 16 akapatwa na kupooza, na hata aliposimama tena alibaki akichechemea. Chuo kikaishia hapo. Akaingia jikoni nyumbani, ambako familia ilikuwa ikipokea wapangaji wa kulala na kula.

Alikuwa na miaka kama 30 alipojiunga na Shule ya Mapishi ya Boston (na wewe una 24 unasema umechelewa!). Akahitimu 1889, wakambakiza kama msaidizi, na 1891 akawa mkuu wa shule.

Mapishi mengi ya zamani yalisema weka siagi ukubwa wa yai, au unga kiasi. Aliyekulia jikoni anaelewa, ila anayeanza unamwacha njia panda. Fannie si wa kwanza kutumia vikombe vya kupimia, maana shuleni kwake alivikuta. Yeye aling'ang'ania usawa: chekecha unga, ujaze kwa kijiko bila kushindilia, kisha pitisha kisu juu. Kitabu chake cha 1896 wachapishaji Little, Brown hawakukiamini, wakataka agharamie mwenyewe nakala 3,000 za kwanza. Baadaye kikauzwa kwa mamilioni.

Kisu kina kazi kubwa, jamani. Kikombe cha Marekani ni kama mililita 237. Unga uliosawazishwa humo una gramu 125 hivi. Ukishindilia unafika 150. Kwa keki ya vikombe vitatu umeshazidisha zaidi ya nusu kikombe, halafu lawama zote kwa jiko la mkaa. Sukari ni nzito zaidi, gramu 200 kwa kikombe. Kwa hiyo robo ya dukani kwa Mangi ni vikombe viwili vya unga, lakini ya sukari ni kikombe kimoja na robo tu. Mtaniambia mizani inamaliza ubishi. Sawa, ila geto gani lina mizani, tena bumu likiwa limekata? Kikombe, kijiko na kisu tunavyo.

Mwaka 1902 Fannie akafungua shule yake mwenyewe, akajikita sana kwenye chakula cha wagonjwa. 1904 akakitolea kitabu, na Harvard wakamwalika kuwafundisha madaktari somo hilo. Miguu ikamgomea tena, akawa anafundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Siku 10 kabla ya kufa bado alikuwa mbele ya darasa. Alifariki Januari 1915, akiwa na miaka 57. Shule yake iliendelea mpaka 1944.