Bwana Afya Tom Mboya na Somo kwa Kaunti Zetu

Jina la Thomas Joseph Mboya huwajia Wakenya wengi pamoja na risasi zilizomwua jijini Nairobi Jumamosi, tarehe 5 Julai, 1969. Wengine humkumbuka kwa ufasaha wake jukwaani, au kwa ndege zilizowapeleka vijana wetu Marekani kusoma. Walimu wa historia huyafundisha hayo, nao wanafunzi huyakariri kwa ajili ya mtihani. Lakini lipo jambo moja ambalo aghalabu hupitiwa kwa sentensi moja tu, au hurukwa kabisa. Kabla ya kuwa mwanasiasa, Mboya alikuwa mfanyakazi wa serikali ya mtaa. Alikuwa bwana afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Nataka leo tuitazame kazi hiyo, kwa sababu ina somo ambalo serikali zetu za kaunti hazijalihitimu.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, huko Kilima Mbogo karibu na Thika. Baba yake, Leonardus Ndiege, Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la mlowezi. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia miongoni mwa Wakamba na makabila mengine yaliyochanganyika shambani, akazungumza Kikamba na Kiswahili kama mwenyeji. Alisoma katika shule za misheni: Kabaa huko Ukambani, kisha Yala huko Nyanza, na hatimaye Mang'u. Karo ilipomwelemea mzazi aliyekuwa na watoto wengine wa kusomesha, kijana hakuweza kuendelea. Akatafuta mafunzo yasiyodai karo, akayapata. Mnamo 1948 alijiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya, akasomea Jeanes School huko Kabete, akahitimu 1950. Mwaka uliofuata aliajiriwa na Baraza la Jiji. Nairobi yenyewe ilikuwa imepewa hadhi ya jiji mwaka 1950 tu.

Msomaji ataniwia radhi nikiligusa kidogo jina la kazi hiyo, kwani isimu ndiyo fani yangu. Wakaguzi wa majengo, masoko na vyakula waliitwa na wananchi bwana afya. Enzi za ukoloni, neno bwana lilikuwa limekwisha kutwaliwa na Mzungu. Ndiye bwana, ndiye bwana mkubwa, ndiye bwana shauri. Kumbe wananchi walipomwona Mwafrika mwenzao akiingia dukani na kuamuru nyama iliyooza itupwe, walimpa cheo hicho hicho. Walitambua kwamba mtu huyu ana mamlaka. Waliomwajiri ndio waliosita kulitambua hilo.

Ushahidi ni mshahara. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu moja tu kwa tano ya alicholipwa Mzungu kwa kazi ile ile. Wote walipima maziwa yale yale na kupekua jikoni zile zile, ilhali mifuko yao ilitofautiana kama mchana na usiku. Mboya alisimulia mwenyewe, katika kitabu alichochapisha mwaka 1963, jinsi siku moja alivyokuwa peke yake akipima maziwa, akaingia mwanamke wa Kizungu aliyeleta maziwa yake yapimwe. Mwanamke yule aliangaza macho huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu mle ndani. Mkaguzi alikuwa amesimama mbele yake. Mara kadhaa Mboya alifukuzwa na Wazungu katika majengo aliyokwenda kukagua, wakidai waletewe Mzungu mwenzao.

Hata hivyo, haki itendeke hata kwa wakoloni. Baraza lile lile lililompunja Mboya mshahara liliwafikisha mahakamani baadhi ya wale waliowazuia wakaguzi Waafrika kufanya kazi yao. Sheria ya afya ilikuwa sheria, na aliyemzuia mkaguzi aliizuia sheria yenyewe. Naomba msomaji alihifadhi jambo hili, kwani nitalirejelea.

Mboya hakunung'unika pembeni. Alijiunga na chama cha wafanyakazi Waafrika wa Baraza, akachaguliwa kukiongoza, na mnamo 1952 kikazaliwa Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa nchini Kenya. Huo ndio mwaka ambao hali ya hatari ilitangazwa. Viongozi wengi wa kisiasa walipotiwa kizuizini, vyama vya wafanyakazi vikawa miongoni mwa mabaraza machache ambamo Mwafrika angeweza kusema. Mwaka 1953 Mboya aliuacha ukaguzi, akashika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Mnamo 1955 alisuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, kisha akaenda Chuo cha Ruskin huko Oxford. Aliporudi, akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mnamo Machi 1957. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 ilipaa kuelekea Marekani. Alipokuwa Waziri wa Leba, Oktoba 1962, serikali, waajiri na wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa uhusiano kazini. Alipouawa alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, mwenye umri wa miaka 38.

Ukiitazama safari hiyo utaona uzi mmoja. Swali lililomkera Mboya akiwa kijana wa miaka 21 mwenye chupa ya maziwa mkononi ndilo alilolibeba hadi barazani: je, kazi hii amepewa nani, kwa kigezo gani, na kwa ujira gani?

Inasikitisha kwamba mwaka ule ule wa kifo chake Bunge lilipitisha sheria ya kuyapokonya mabaraza ya kaunti majukumu matatu makubwa. Kuanzia Januari 1970, shule za msingi, huduma za afya na barabara za mashambani zilihamishiwa serikali kuu. Hoja iliyotolewa haikuwa ya mzaha, kwani mengi ya mabaraza hayo yalikuwa yamefilisika na walimu walikaa bila mishahara. Lakini kwa miaka mingi iliyofuata, mwanakijiji aliyetaka daraja la miguu litengenezwe alilazimika kungoja neno kutoka Nairobi.

Katiba ya 2010 ilirudisha sehemu ya majukumu hayo, na tangu 2013 tuna kaunti 47. Jedwali la Nne linazipa kaunti barabara za kaunti, huduma za afya za mashinani na elimu ya chekechea. Shule za msingi na za upili zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Maana yake ni kwamba mtoto anayetoka nyumbani alfajiri hupita katika njia iliyo chini ya kaunti, kisha huingia katika darasa lililo chini ya wizara. Na yule bwana afya ambaye ripoti yake huhitajika kabla shule haijasajiliwa, sasa ni mwajiriwa wa kaunti. Usalama wa mtoto huyo mmoja umegawanywa kati ya wakubwa wawili, na chungu cha wawili, wahenga hawakukosea, aghalabu huungua kila mmoja akidhani mwenzake anakitazama.

Gharama yake twaijua. Machi 2001 wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mnamo 2008 wizara ilitoa mwongozo wa usalama: milango ya mabweni ifungukie nje, madirisha yasiwe na vyuma. Februari 2020 watoto 14 walikufa katika msongamano wa kushuka ngazi, Shule ya Msingi ya Kakamega. Septemba 2024 wavulana 21 waliangamia motoni katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Baina ya misiba hiyo yote, mwongozo ulikuwapo, umechapishwa na kusambazwa. Karatasi haikosekani nchini mwetu. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuupima mlango kwa mkono wake, na nguvu ya kuufunga mlango wa shule nzima pale anapoona hatari.

Hapa ndipo narudi kwa Mboya. Mkaguzi huhitaji mambo matatu ambayo maisha yake yanatuonyesha.

La kwanza, achaguliwe kwa ujuzi. Mboya, mwana wa Rusinga aliyezaliwa Kilima Mbogo, aliajiriwa Nairobi kwa cheti chake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziwaendee watu wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti. Bodi za utumishi zinazoiona sheria hii kama mzigo zisome upya maisha haya. Kijana aliyepata kazi kwa sababu ya mjomba wake atathubutuje kuifunga shule ya rafiki wa mjomba?

La pili, alipwe kama mtu ambaye kazi yake inathaminiwa. Ubaguzi wa rangi umeondoka katika orodha za mishahara, lakini mafundi na wakaguzi wa mkataba wa miezi michache wangali wakifanya kazi ile ile ya wenzao wa kudumu kwa ujira duni. Mwenye njaa ni rahisi kununuliwa.

La tatu, akisema hapana, aliyemtuma asimame nyuma yake. Ikiwa baraza la wakoloni liliweza kuwashtaki Wazungu kwa kumzuia mkaguzi Mwafrika, serikali tulizozichagua wenyewe zitajitetea vipi zinapompa uhamisho mkaguzi aliyemkera tajiri mwenye shule?

Walimu wenzangu hawana haja ya kungoja gavana. Mwalimu mkuu anaweza kumwandikia rasmi afisa wa afya wa eneo lake kumwalika akague bweni, na kuihifadhi nakala. Wanafunzi waihesabu milango inayofunguka. Wazazi waipite njia ya shule baada ya mvua, na kumdai diwani wa wadi kijidaraja kilichosombwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi tumekwisha kujenga makaburi.

Tangu 2011 sanamu ya Mboya imesimama kando ya Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa. Anayepita hapo humwona kiongozi. Ni vyema amkumbuke pia yule bwana afya aliyegonga milango ya watu wasiotaka kumwona, akaingia, akakagua.