Aliyekosa Karo Akawatafutia Wengine

Wengi wetu hapa Kamere tunakula kwa jasho la mashamba ya maua, kwa hivyo maisha ya Tom Mboya yanatugusa. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge ambako babake alikuwa mfanyakazi.

Alisoma hadi Mang'u, lakini karo ikakosekana, akatoka kabla ya kumaliza. Hakukaa chini kulia. Alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Huko akaona Mwafrika akilipwa kidogo kuliko Mzungu kwa kazi ile ile. Basi akaanza kutetea wafanyakazi, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyao.

Mwaka 1959 alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo. Septemba hiyo ndege ikaondoka Nairobi na vijana 81. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikuwa kati ya waliokwenda.

Mboya alishiriki mazungumzo ya uhuru kule London, kisha akawa waziri. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi jijini Nairobi, akafa akiwa na miaka 38 tu.

Wapendwa, aliyekosa karo ndiye aliyewatafutia wengine. Hata hapa kwa ploti zetu kuna mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Je, tutapita mlango wake tukielekea kanisani?